Jamirah, Mkalia Magari ya Mbale

"Nifungeni kitambaa machoni, mnipakie kwenye gari la Mbale. Kila litakaposimama nitawatajia mahali, na nitawaambia nani anauza nini dirishani. Nikikosea hata mara moja, ukateni ulimi huu mkampe paka wa sokoni."

Maneno hayo Jamirah Nakisige aliyasema hewani, kwenye kipaza sauti cha redio, katikati ya stendi ya Jinja, stendi ya taksi, hivi vibasi vyetu vya abiria, wiki ile watangazaji walipokuja kuwahimiza watu waitalii nchi yao wenyewe. Aliyasema kwa Kiswahili ili yafike mbali. Watu wakapiga makofi. Madereva wa stegi ya Mbale, pale yanapopangwa magari ya huko, hawakupiga, maana walikuwa wameinama, mikono mbavuni, wanacheka mpaka machozi.

Walikuwa na haki ya kucheka. Jamirah hakuwahi kufika Mbale hata siku moja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Iganga, kwenye mazishi ya shangazi, na mvua ilinyesha kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hata Iganga yenyewe hakuiona vizuri.

Lakini magari ya Mbale alikuwa anayapanda kila siku, miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kukaa, shilingi elfu moja kila gari likijaa. Watu wetu wana ugonjwa mmoja: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia kwenye gari tupu. Gari tupu ni kama mkahawa usio na mteja. Hata ukiwa na njaa unapita, unajiambia kuna jambo. Basi mwenyekiti wa stegi anaweka watu wake ndani, watano au sita, wenye sura ya safari. Abiria wa kweli anachungulia, anaona vichwa, anajiambia gari linakaribia kuondoka, anaingia. Akishaingia, kichwa kimoja cha uongo kinakumbuka kimesahau kitu, kinashuka. Hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine, mpaka wote waliobaki ni wasafiri na wote wametapeliwa sawasawa.

Katika kazi hiyo Jamirah alikuwa fundi. Alikuwa na begi limefungwa kamba, limejaa matambara. Alikuwa na saa ya mkononi iliyokufa zamani, na alijua kuitazama hiyo saa kwa uchungu kiasi kwamba abiria wa kiti cha pili naye anaanza kuona amechelewa. Alijua kufyonza. Alijua kumgombeza konda: "We Nasif! Gari imejaa, unangojea nini, unangojea mchumba?" Nasif, konda mwenyewe, anajibu kwa unyenyekevu, "Moja tu, Hajati, moja tu," huku anajua viti saba bado. Walimwita Hajati ingawa Makka alikuwa ameiona kwenye kalenda. Kikibaki kiti cha mwisho, Nasif anagonga paa la gari mara mbili kwa kiganja. Hiyo ndiyo alama. Ukisikia paa, shuka, nafasi yako imepata mwenyewe. Jamirah alikuwa anashuka kabla mlio wa pili haujaisha.

Njia ya Mbale aliijua kwa masikio. Miaka kumi na moja umekaa mlangoni, huna la kufanya ila kusikiliza. Magari yanaingia kutoka Mbale, wasafiri wanashuka wamejinyoosha, wanasimulia. Huyu anasema mafunjo ya mto Mpologoma yamefika mpaka barabarani. Yule anasema Tirinyi wameanika mpunga kwenye maturubai kando ya lami. Mwingine anaapa kwamba maporomoko ya Wanale yalikuwa yanaonekana toka mbali, nyuzi nyeupe kwenye ukuta wa jiwe. Jamirah aliyameza yote, akayapanga kituo kwa kituo. Kiswahili alikuwa nacho tangu utoto wake mtaa wa Nalufenya, kwa baba yake aliyewapikia askari magereza. Hapa kwetu Kiswahili bado kinanuka buti la askari. Ukikiongea sokoni watu wanashika mifuko. Wauza ndizi walikuwa wanamtania, "Afande, usitupige, chukua tu." Yeye anacheka na wao, na ndizi anachukua.

Sasa, redio ina masikio mengi. Siku tatu baada ya kile kiapo cha ulimi na paka, kijana mmoja, Kirunda, alikuja stendi na kitambulisho kimening'inia shingoni. Kampuni yake iliitwa Zunguka kwa Nauli. Ilikuwa na mkurugenzi mmoja na mfanyakazi mmoja, na wote wawili walikuwa Kirunda. Wazo lake lilikuwa kwamba wako watalii wasiotaka yale magari yanayofunguka paa. Wanataka kuiona nchi wakiwa ndani ya taksi za kawaida, bega kwa bega na wenye nchi. Alichokosa ni mtu anayeijua njia.

"Mama, ile safari ya Mbale unaiweza?"

"Mimi?" Jamirah akasema. "Uliza gari lolote hapa. Uliza Nasif."

Nasif alikuwa anapangusa vumbi la gari kwa kitambaa. Akasema, "Huyu mama na hii njia, bwana, hata usiulize." Hakusema uongo. Hakusema kitu chochote, kweli.

Makubaliano yakawa haya: Jumamosi atachukua wageni wawili, walimu wastaafu kutoka Kenya. Wakirudi na neno zuri, Jamirah anaajiriwa, mwezi hadi mwezi, na kitambulisho chake shingoni chenye picha. Wakirudi na neno baya, basi. Kitambulisho ndicho kilichomkosesha usingizi. Miaka kumi na moja alikuwa anafanya kazi ambayo sharti lake la kwanza ni mtu asikukumbuke.

Ijumaa jioni akaenda kwa Wamboga, mwenyekiti wa stegi, mtu mnene wa kabila la Wagisu, anayekalia kreti ya soda kama kiti cha enzi.

"Mwenyekiti, kesho natoka. Sikai tena."

"Unaolewa?"

"Natembeza wageni. Nafasi yangu mpe yeyote."

Wamboga akamtazama, akaacha utani. "Hajati, nafasi nikishaitoa siirudishi. Wanaoitaka ni wengi. Yupo yule Night, msichana wa kutoka kaskazini, ana hata sanduku la magurudumu."

"Mpe Night."

"Na Mbale umewahi kufika?"

"Kesho nitakuwa nimefika," akasema, akaondoka kwa maringo yaliyomfikisha mpaka kwake.

Jumamosi saa mbili Kirunda aliwaleta wageni. Mwalimu Margret, mrefu, mkavu, aliyekuwa mkuu wa shule, alitazama kila kitu kama anayekitafutia kosa. Shemeji yake, Brigid, alikuwa mfupi na mwepesi wa kucheka. Walikuwa wameizunguka Kenya yao yote kwa matatu, na Tanzania kwa mabasi, na sasa zamu ilikuwa ya Uganda. Kirunda akamlipa Nasif nauli za watu watatu, akapiga picha, akaenda zake kutafuta wateja wengine.

Jamirah akawakalisha upande wa kushoto, dirishani, mmoja nyuma ya mwingine. "Kushoto, mama zangu. Uzuri wote wa njia hii uko kushoto." Yeye akakaa mlangoni, kiti chake cha siku zote. Gari lilikuwa na vichwa sita, na Jamirah alijua vingapi vya kukodi, lakini leo hakujali. Akaanza, gari bado limesimama.

Siku hiyo aliongea kuliko alivyowahi kuongea. Kule Bugembe akawapitisha kwa maneno katikati ya maduka na mabanda ya chapati. Kule Nakalama akawakunjisha kona. Mto Mpologoma akawavusha, akawaonyesha mafunjo yanavyoinama kwa upepo na vijana wanavyoinua samaki waliotungwa kwa kamba ya mgomba. Kule Tirinyi akawaanikia mpunga, wa manjano, wanawake wanaugeuza kwa miguu. "Halafu sasa, mama zangu, msisinzie. Kushoto, mbali, mtaona kama ukuta. Ndiyo Wanale hiyo. Maji yanashuka kama mtu ametandika shuka, akasahau kuitoa."

"Loo!" Brigid akasema. "Unaiona kabisa."

"Nimeizoea tu, mama."

Hata wale abiria wa kweli walikuwa wanasikiliza. Mzee mmoja mwenye kuku alisema njia hiyo anapita kila mwezi na hajawahi kuiona hivyo. Margret peke yake aliuliza swali. "Ulipopita mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Ah, mwalimu. Mtu anahesabu mara anazopita mlangoni kwake?"

Gari likajaa taratibu. Vichwa vya kukodi vikashuka kimoja kimoja. Kikabaki kiti kimoja, na akatokea askari magereza mmoja, Romano, na mkewe, wanakimbia na mizigo. Watu wawili, kiti kimoja. Nasif akatazama ndani, akahesabu kwa haraka kama anavyohesabu kila siku ya Mungu, akamwona Jamirah mlangoni na begi lake la kamba. Mkono wake ukaenda juu wenyewe. Akagonga paa mara mbili.

Jamirah akashuka.

Tusimlaumu kwa haraka. Mbuzi aliyefungwa kamba mwaka mzima, ukiikata kamba bado anazunguka palepale. Miguu yake ilikuwa chini kabla kichwa hakijapata habari. Alisema hata yale maneno ya siku zote, "Jamani, nimesahau simu," akamwachia njia mke wa Romano, akamsaidia na mzigo. Nasif akavuta mlango, gari likatoka, na Jamirah akasimama pale na begi mkononi akisikia raha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Kisha akaenda kwenye gari linalofuata kwenye foleni, akafungua mlango ili akae. Kiti cha mlangoni kilikuwa na msichana na sanduku la magurudumu.

"Hajati," Night akasema. "Si umesafiri?"

Ndipo alipojua.

Alikimbia mpaka kwenye lango la stendi, akaona barabara. Akampigia Nasif, simu ya Nasif ilikuwa haina chaji, kama ilivyokuwa kila siku kuanzia saa tatu. Bodaboda kumfukuzia gari lililokwisha kupita Bugembe ilikuwa ndoto. Ikabaki gari lile lile la Night. Jamirah akapanda, kiti cha nyuma, akalipa nauli ya Mbale kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hayo yalikuwa mateso ambayo hata adui humtakii. Gari lilikuwa na vichwa tisa, naye alijua kwamba vitano ni vya uongo. Kila abiria aliyechungulia, moyo unaruka. Kila aliyepita, unaanguka. Night alitazama saa yake, akafyonza, akamgombeza konda. Alifanya vizuri. Alifanya kama Jamirah, ila kwa sura changa zaidi. Saa nzima na dakika arobaini. Wamboga akapita dirishani, akamwona, akarudi kwenye kreti yake, akaigeuza upande wa pili, akaketi.

Walipopita Iganga simu ikalia. Kirunda.

"Mama Jamirah, wageni wanauliza uko wapi. Uko nao au hauko nao?"

"Niko nyuma kidogo tu. Nilishuka Iganga kuwanunulia maji, gari ikaniacha."

"Sawa. Ongeza mwendo."

Kana kwamba yeye ndiye dereva.

Baada ya Iganga kila kitu kilikuwa kigeni. Jamirah akabandika uso kwenye kioo cha kushoto, akingojea vitu vyake vimtokee. Vikatokea, lakini upande mwingine. Mpunga wa Tirinyi ulikuwa kulia. Banda la wauza samaki kulia. Akageuka huku, akageuka kule, mpaka jirani yake akamuuliza kama ana kizunguzungu. Akawa anahesabu kichwani, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza: waliomsimulia wote walikuwa wanatoka Mbale. Mtu anayetoka Mbale, kushoto kwake ni kulia kwa anayekwenda. Miaka kumi na moja alikuwa ameisoma njia nzima kwa kinyume, na hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akiisema mahali ambapo gari linatembea.

Mlima ulipojitokeza, mkubwa, wa buluu, ulikuwa mbele upande wa kulia. Aliuona kupitia kwapa la mtu.

Wageni aliwakuta kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Mbale. Nasif alikuwa amewaelekeza hapo na kukimbia. Brigid alisimama kumpokea. Margret hakusimama.

"Pole kwa safari, mama," Brigid akasema. "Kaa, kunywa chai."

"Samahani, mama zangu. Ilikuwa ni maji. Pale Iganga..."

"Kirunda ametuambia ulishuka Iganga," Margret akasema. "Sisi tulikuona ukishuka Jinja, tukadhani utapanda mbele kwa dereva. Tena ulimbebea yule mama mzigo wake."

Jamirah akashika kikombe. Chai ilikuwa moto, akaishika vivyo hivyo.

"Tulitazama kushoto, kama ulivyotuelekeza," Margret akaendelea, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani asubuhi. "Masaa yote. Unajua tumeona nini? Mihogo. Tumeona mihogo na choo cha shule. Watu wa upande wa kulia walikuwa wanasema 'tazama, tazama,' na sisi tunawaambia hapana, mwenyeji wetu amesema kushoto."

Brigid akaanza kucheka, akaziba mdomo.

"Mama," Margret akasema. "Umewahi kufika hapa?"

Kulikuwa na majibu. Mtu aliyekaa mlangoni miaka kumi na moja hakosi majibu. Alikuwa nayo matatu, manne, mazuri. Lakini mlima ulikuwa hapo hapo nyuma ya bega la Margret, na ule mstari mweupe wa maji unashuka, haufanani na shuka hata kidogo.

"Iganga," akasema. "Kwa mazishi."

"Na hii njia yote uliyotusimulia?"

"Nasikiaga watu."

Margret akavua miwani. "Nimesimamia mitihani miaka thelathini na mbili. Aliyesoma namjua na aliyekariri namjua. Wewe nilikujua pale pale Jinja, ulipokataa kusema umepita lini. Ila nilisema, mwache, labda ni aibu tu."

"Mwalimu, mimi naweza kujifunza. Leo nimeiona. Kurudi nitawaonyesha kila kitu, upande wake."

"Najua utaweza." Hilo alilisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mbaya zaidi. "Ile saa moja garini Jinja, gari limesimama, ndiyo saa nzuri kuliko zote katika safari yetu. Brigid atakwambia. Nilisahau kwamba hatujaondoka. Lakini Kirunda ameniuliza kwa maandishi: alikuwa nanyi, njia anaijua? Sasa unataka niandike nini?"

Jamirah alitaka kusema: andika ndiyo. Maneno mawili tu, mwalimu, ndiyo na ndiyo, hayakupunguzii kitu. Alimtazama Brigid. Brigid alikuwa anatazama sukari.

"Andika ulivyoona," Jamirah akasema.

Margret akaandika. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, na herufi zote kubwa mahali pake. Jibu la Kirunda lilikuja kabla chai haijapoa, na lilikuja kwenye simu ya Jamirah: Asante kwa muda wako. Chini yake aliweka kile kidole gumba cha njano.

Wageni wakapata kijana wa pale Mbale wa kuwapandisha Wanale. Brigid akamwambia Jamirah waende wote, angalau aone maji kwa karibu, watamlipia. Akasema hapana, gari la kurudi lisimwache. Ilikuwa saa tisa. Magari ya kurudi yalikuwepo mpaka usiku. Alikaa stendi ya Mbale, akautazama mlima jinsi ulivyo, kijani chini na jiwe juu, mpaka mtu wa pale akamuuliza kama anasafiri au anapumzika.

Jumapili hakutoka. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa mbele ya kreti ya soda, begi la kamba mkononi. Habari zilikuwa zimemtangulia. Madereva walikuwa wanagonga paa mara mbili kila anapopita, na wanaanguka kicheko. Nasif peke yake hakugonga. Alikuwa anafuta kioo kilichokuwa safi.

"Mwenyekiti, nimerudi."

"Naona."

"Kiti changu."

"Kiti chako kina Night." Wamboga akakuna shingo. Hakuwa anafurahi, na hakuwa anahuzunika. Alikuwa na magari ya kujaza. "Na Hajati, sasa hivi sura yako wanaijua. Redio, na hii hadithi. Abiria wa Mbale akikuona ndani anaanza kucheka, anajua gari tupu. Utaniharibia stegi."

"Miaka kumi na moja, mwenyekiti."

"Miaka kumi na moja, kweli." Akaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya stendi, kwenye magari machakavu ya safari za karibu, yanayojaa haraka na kutoka haraka. "Pale kuna nafasi. Mwambie mwenyekiti wao nimekutuma."

Jamirah akavuka. Mwenyekiti wa kule hakumuuliza jina. Alimwonyesha kiti cha mlangoni, akamwambia wasichana wa kule hushuka na kupanda mara ishirini mpaka thelathini kwa siku, asije akalalamika magoti.

Kukalia gari la Bugembe ni shilingi mia mbili.